Mguu Wangu na Ng'ombe Mwekundu wa Uwanja wa Ndege

Wewe uliyelala hapo na mguu umechomekwa vyuma kama antena ya redio, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi niamkie wewe. Naitwa Baba Eliza, wa Makambako, mjazaji wa magunia ya viazi. Shule niliiona kwa nje nikipita kwenda shambani. Haya anayaandika binti yangu Eliza, mimi nasema tu, na akipunguza chumvi yangu nitajua.

Nilianguka na ndege. Watu wakisikia hivyo wanavuta kiti karibu. Lakini ndege ilikuwa dakika moja, mguu ulikuwa miezi tisa. Na ndani ya miezi tisa hiyo kila asubuhi niliamka na swali moja: huu mguu nitabaki nao au wataukata? Kama na wewe unaamka na swali hilo, basi habari hii ni yako.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imezikata barabara kama mkate. Tajiri mmoja wa kule Sumbawanga alitaka mbegu za viazi kutoka Njombe, na mbegu ikikaa njiani inaoza, kwa hiyo akakodi ndege ndogo. Ndogo hasa. Ukipiga chafya umekaa nyuma, rubani anafuta shingo. Walikuwa wametoa viti vya nyuma wakaacha nafasi ya magunia sita, na mimi nipande nayo nikayakabidhi kwa mkono.

Magunia hayo niliyajaza mimi. Sasa lazima nikueleze kazi yetu, la sivyo hutaelewa kosa langu. Kwetu gunia la viazi halishonwi likijaa. Likijaa ndiyo kazi inaanza. Unalivisha kilemba: unaunga kipande cha gunia lingine mdomoni, unajaza tena, unashona kwa kamba ya katani, mpaka gunia linakuwa na mabega na kichwa kama bwana harusi. Hiyo ndiyo lumbesa. Serikali imekataza, na sisi tumekubali kabisa kwamba imekataza, tunaendelea kushona. Mnunuzi asipokiona kilemba anajiona ameibiwa. Halafu ukifika geti la ushuru karani anauliza, "Kilo ngapi hilo?" Jibu ni moja tangu enzi za babu yangu: "Hamsini tu, mkuu." Hata kama gunia lina uzito wa bibi harusi na shangazi zake wote. Karani anajua unadanganya, wewe unajua kwamba anajua, mnaagana vizuri, geti linafunguliwa. Jibu hilo halipiti kichwani. Linatoka lenyewe, kama mtu akikuamkia shikamoo ukasema marahaba.

Basi pale uwanja wa Njombe, jua la saa saba, rubani akaja na daftari. Kijana mpole, Kapteni Deo, adabu tele.

"Shikamoo mzee. Gunia moja kilo ngapi?"

"Marahaba. Hamsini tu, mkuu."

"Hamsini? Mbona yana vichwa?"

"Viazi vya Njombe hivyo, Kapteni. Vimekunywa mvua, vimevimba. Juu huko ni hewa tu."

"Hapa hakuna mizani?"

"Mizani iko sokoni. Tukiifuata tutaondoka kesho."

Akaangalia jua. Akaangalia daftari. Akaandika hamsini, mara sita. Kile kidole kikiandika nakiona mpaka leo.

Ndege ikakimbia. Ikakimbia tena. Nyasi zilikuwa zimelowa, magurudumu yanarusha tope, na mimi nafurahi, nadhani ndivyo wanavyofanya. Uwanja ukaanza kuisha. Kapteni akasema neno moja ambalo Eliza amekataa kuliandika. Tukanyanyuka kama kuku anayeruka ua, tukachuna majani ya mlingoti, yaani mkaratusi, nikasikia tumbo la ndege linakwaruza matawi, kisha tukaanguka kwenye shamba la miti ya miwati. Viazi vikanipita kichwani vikitangulia mbele. Nilipoangalia chini, mguu wa kushoto ulikuwa unaangalia upande wake na mimi upande wangu, na chini ya goti kitu cheupe kimetokeza. Nikadhani ni kiazi kimemenywa. Ulikuwa mfupa.

Kapteni alivunjika taya na mbavu, wakamkimbiza Dar, na kwa muda mrefu hakuweza kusema. Mimi nikabaki Njombe hospitali. Upasuaji wa kwanza wakanichomeka vile vyuma, vinne vikiingia kwenye mfupa na kimoja kirefu nje kikivishika. Nilipozinduka nikamwambia nesi, "Dada, sasa hapa napata redio ya nchi gani?" Akacheka. Mimi nikacheka. Alipoondoka nikavuta blanketi usoni nikatetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele.

Nikuambie kitu kuhusu wodi: ukiwa mcheshi wanakupenda, na wakikupenda hawakuulizi unaogopa nini. Mimi nilipiga porojo wodi nzima ikanizunguka. Asiyeweza kutembea alisukumwa pamoja na kitanda chake. Kila mgeni nilimpa sababu yake ya ajali. Wa kwanza nilimwambia tai aliingia kwenye injini. Wa pili upepo ulitukunja kama karatasi. Shemeji yangu nilimwambia rubani aliona mzimu wa Kibena umekaa kwenye bawa anakula togwa.

Kitanda cha jirani alikuwa dereva wa lori anaitwa Sanga, kavunjika nyonga. Yeye hakucheka. Siku moja akaninong'oneza.

"We mzee, magunia yale nani alijaza?"

"Mimi."

"Lumbesa?"

"Sasa gunia lingekuwa la nini?"

"Na rubani ulimwambia kilo ngapi?"

Nikageukia ukutani. Sanga akapiga mluzi kidogo.

"Sikiliza. Matibabu yako yanalipwa na bima ya mwenye ndege, sivyo? Wale wakijua abiria ndiye aliyedanganya uzito, wanafunga mkoba wao wanaondoka. Na mguu wako wanauacha hapo hapo kwenye vyuma. Mimi nimeendesha lori miaka, bima nawajua. Wewe sema chochote, lakini kilo usitaje."

Hapo hofu ya mguu na hofu ya magunia zikaungana zikawa moja. Wiki hiyo hiyo wakaja wachunguzi wa ajali za ndege, wawili, mmoja mrefu mpaka aliinama mlangoni, mwingine mwandishi. Wameleta na matunda. Yule mrefu akakaa.

"Pole sana mzee. Unakumbuka nini?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Mwekundu! Alikatisha mbele yetu. Kapteni ikabidi anyanyue ndege kabla haijawa tayari."

"Ulimwona vizuri?"

"Nilimwona? Aliniangalia! Ana nundu kama milima ya Kipengere."

Yule mwandishi akaandika. Yule mrefu akanitazama kwa muda, kisha akauliza taratibu, "Na magunia yalikuwa na uzito gani?"

"Hamsini tu, mkuu."

Wakaenda. Sanga akanipa kidole gumba. Chungwa lao nikampa yeye.

Mwezi wa tano nikaruhusiwa kurudi Makambako, na vyuma vyangu, na magongo mawili, na masharti matatu ya Daktari Nuru. Huyu daktari ni mwanamke mfupi, akisimama kando ya kitanda na wewe umelala mnaangaliana macho kwa macho. Akahesabu kwa vidole: usikanyage mguu huu mpaka nikuambie; safisha matundu ya vyuma kila siku; ukiona usaha, siku hiyo hiyo uje. Nikasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mama Eliza akarudia masharti yote kwa sauti kama mtoto wa kipaimara. Mimi nilikuwa natazama mlango.

Sasa wewe msomaji, mwezi wa sita Makambako ni mavuno. Malori yamejipanga, watu wanajaza magunia, na mimi nimekaa kibarazani natazama vijana wasiojua kushona. Vilemba vimekaa upande kama kofia ya mlevi! Siku ya tatu nikaenda na magongo, kuangalia tu. Siku ya nne nikashika sindano. Gunia ukitaka kulikaza lazima ulipige goti na uuweke mguu mwingine chini. Nikauweka. Nikasikia ndani ya mfupa kitu kimesema tik. Kidogo tu, kama njiti ya kiberiti. Nikaangalia huku na huku, hakuna aliyesikia. Nikamaliza kilemba, nikarudi nyumbani jasho linanitoka kwenye baridi ile ambayo ukitema mate yanafika chini yameganda.

Wiki ile matundu yakaanza kutoa maji. Maji yakawa mazito. Yakawa ya njano, halafu yana kijani. Harufu yake sikufichi: panya aliyekufia nyuma ya kabati. Mguu wenyewe ukawa mwembamba kama mpini wa jembe, ngozi inang'aa, nywele zimekimbia, vidole vimevimba kama vya mtoto mchanga. Nilikuwa nauangalia najiuliza huyu ni nani ameletwa nyumbani kwangu. Mama Eliza akaanza kulala na dirisha wazi, mwezi wa sita, Makambako! Akasema anasikia joto. Eliza akahamia kwa shangazi yake, akasema ni kwa ajili ya kujisomea mitihani.

Hapa Eliza ameacha kuandika kidogo. Nimemwambia, andika tu mwanangu, hata mimi ningekimbia, tatizo sikuwa na mguu.

Kila baada ya wiki mbili tunakwenda Njombe kliniki, saa nzima kwenye pikapu ya mnyalukolo mmoja, ndugu wa kwetu, mimi mbele nimenyoosha vyuma mpaka kwenye kioo. Mabenchi ya kusubiri yale, nadhani yalitengenezwa na mtu anayechukia matako. Watu wamejifunika mablanketi, kila mmoja ameshika faili lake kifuani kama mtoto. Hakuna anayeuliza unaumwa nini, wanaangalia tu urefu wa bandeji. Jina likiitwa unashtuka hata kama si lako. Nilikuwa naona wanaoingia na miguu miwili wakisukumwa, na wengine siku nyingine nawaona suruali imepigwa pini. Nilikuwa nahesabu za pini. Usihesabu, ndugu yangu. Angalia dirishani.

Ndani Daktari Nuru anauliza, "Umekanyaga?"

"Hata kidogo."

"Usaha?"

"Kidogo tu. Tone. Asubuhi."

Unaona? Karani na geti. Mama Eliza nilikuwa namwacha nje, nasema chumba ni kidogo. Na siku ya kliniki nilikuwa nasafisha mguu mara tatu alfajiri, nafunga bandeji mpya, nanyunyiza manukato ya mke wangu juu yake. Daktari akanusa akasema, "Baba Eliza leo unanukia harusi." Tukacheka. Kisha akainua picha ya mfupa kwenye taa na kicheko kikamkauka.

"Mfupa haushiki," akasema. "Sielewi. Ungekuwa umeanza kushika. Nakuongezea dawa. Lakini nikuambie ukweli: nikiona umeoza ndani, sitakuwa na njia nyingine. Tutakata chini ya goti."

Nilitoka nje kwa magongo nikakaa kwenye benchi, sikuona hata nimekaa karibu na nani. Sauti ya mzee ikanisalimu kwa Kibena, "Kamwene."

"Kamwene," nikajibu.

"Wewe ndiye yule wa ndege?"

Kawaida swali hilo nalipenda kuliko chai. Nikageuka. Mzee wa kofia ya sufi, koti la mvua, buti za mpira. Akanipa mkono.

"Mimi ni Yona. Mlinzi wa uwanja. Nimeleta mke wangu, presha. Nimekutafuta wodini wakasema umetoka."

Nikavuta magongo karibu.

"Pole na mguu," akasema. "Mimi wamenisimamisha, wanasema nilale nyumbani mpaka uchunguzi uishe, maana ng'ombe aliingia uwanjani nikiwa zamu. Sasa mnyalukolo, mimi sikulaumu. Wewe ulisema ulichokiona. Ila nisaidie. Mimi ng'ombe wote wa pale nawajua kwa majina. Wekundu wenye nundu ni watano. Nimekwenda kwa wenyewe wote. Mmoja karibu anipige. Mwingine alinionyesha ndama, ng'ombe wake siku ile alikuwa anazaa. Sasa niambie, pembe zake zilikuwaje?"

"Pembe?"

"Ndiyo. Zimesimama, au zimelala?"

Mimi, ndugu yangu, niliyemweka mzimu kwenye bawa bila hata kufikiri, nilikosa pembe. Nikasema, "Zilikuwa... sikuziona vizuri. Vumbi."

Mzee Yona akafikiri. "Vumbi? Si mvua ilikuwa imenyesha?"

Mke wake akaitwa. Akainuka, akatoa parachichi mbili kwenye koti akaniwekea mapajani. "Ukikumbuka, nitume mtu. Mimi naendelea kutafuta." Akaenda taratibu na buti zake. Mama Eliza alikuwa amesimama pale na dawa mkononi, amesikia yote.

Mwezi wa nane homa ikanishika. Siku tatu nilikuwa natetemeka mpaka meno yanaimba pambio. Paja lote jekundu. Nikasema ni malaria. Mama Eliza akasema, "Malaria imeingilia kwenye kisigino?" Asubuhi ya nne akanivalisha, akamwita mwenye pikapu, akapakia na ndoo moja ya plastiki yenye mfuniko. Nikauliza ndoo ya nini, akasema, "Yangu."

Safari hii hakubaki nje. Aliingia kabla yangu. Daktari Nuru akauliza kama kawaida, "Baba, usaha upo?"

Nami, na homa ile, nasema kweli mbele yako, mdomo ukafunguka: "Kidogo tu, daktari, to—"

Mama Eliza akaweka ndoo mezani, akafungua mfuniko. Vitambaa vya wiki nzima, havijafuliwa.

"Hilo ndilo tone," akasema. "Mimi ndiye nafua. Tangu mwezi wa sita. Na alikanyaga sokoni, nimeambiwa na watu ishirini, yeye peke yake hajaniambia. Daktari, mimi nimechoka kuolewa na geti la ushuru."

Daktari alivaa glavu, akatazama ndani ya ndoo, akafunika. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Wiki ngapi?" akaniuliza.

Nikaanza kulia, mtu mzima na vyuma vyangu. "Kumi. Na nilikanyaga. Siyo mara moja, siku tisa. Nikasikia tik. Na dawa za kumeza niliacha katikati, zilikuwa zinanichafua tumbo. Na yale magunia hayakuwa hamsini!"

"Magunia gani tena?"

"Ya kwenye ndege. Na ng'ombe hakuwepo."

Daktari Nuru akamwangalia Mama Eliza. Mama Eliza akaitikia kwa kichwa kwamba na hilo ni kweli.

"Baba," daktari akasema, "magunia kamwambie anayehusika. Mimi nipe mfupa. Umesema tik ilikuwa tarehe ngapi?"

Tukakaa naye nusu saa, anauliza, mimi najibu, kila jibu linaniuma kuliko sindano. Mwisho akaweka kalamu chini. Akasema kwa kuwa sasa anajua, atajaribu jambo ambalo asingelijaribu: atafungua, atoe kipande chote cha mfupa kilichokufa, asafishe, akutanishe miisho mizima. Mguu utakuwa mfupi. Lakini akikuta uozo umepanda, atakata hapo hapo, hatanifunga aniulize tena. Nikaweka kidole gumba kwenye karatasi. Wino ule haukutoka siku tatu.

Upasuaji ulikuwa kesho yake saa nne. Saa mbili nilikuwa nimeshavalishwa lile gauni linalofunguka nyuma, kwenye kitanda cha magurudumu koridoni. Nikamwambia Mama Eliza nipe simu. Namba ya yule mchunguzi mrefu ilikuwa kwenye faili. Mama Eliza akasema, "Si umalize kwanza mguu?" Nikasema nikishatoka humo nikiwa na mmoja nitakuwa na hasira, nitamdanganya tena. Na nikitoka na miwili nitaogopa bima wasije wakaacha kulipa. Sasa hivi niko katikati.

Akapokea. Nikasema yote kwa pumzi moja, kilemba, geti, hamsini, pembe.

"Mzee," akasema, "viazi tulivikusanya kwenye miwati. Vilivyobaki, maana wenyeji walishachemsha vingi. Gunia moja halikupasuka, tukalipima. Lilikuwa na zaidi ya kilo themanini. Na ng'ombe hatukuona hata kinyesi chake."

"Kwa hiyo mlijua?"

"Tulijua uzito. Ajali haina sababu moja. Kuna mzigo, kuna jua la mchana, kuna mwinuko wa Njombe ambako hewa ni nyepesi na ndege inachoka mapema, kuna nyasi zilizolowa. Kuna rubani ambaye alipaswa kupima na hakupima, na yeye mwenyewe amesema hivyo tangu aweze kusema. Tunaandika sababu zinazoelekea. Lakini nilikuwa na shahidi hai aliyeapa ameona ng'ombe, siwezi kumfuta bila yeye kujifuta. Kwa hiyo mlinzi akabaki nyumbani."

"Sasa nimejifuta."

"Sasa umejifuta. Nitatuma mtu uweke kidole."

"Na bima? Mguu wangu?"

"Hilo haliko mezani kwangu, mzee. Sitakudanganya."

Wakaja kunisukuma.

Kama hujawahi kuchomwa sindano ya mgongo, nikuandae, maana mimi hakuna aliyeniandaa. Hulali. Unakuwa macho, lakini kuanzia kiunoni umekuwa mali ya watu wengine. Wanaweka pazia kifuani, unasikia vyuma vinagongana, unasikia msumeno, ndiyo, msumeno, na hujui unakata mfupa mbovu au mguu mzima. Niliuliza mara tatu. Mara ya kwanza hawakusikia. Mara ya pili Daktari Nuru akasema, "Bado." Mara ya tatu hakujibu. Nilihesabu taa za dari, zilikuwa sita, nikazihesabu mpaka zikawa mia tano.

Wodini nikalazwa chali, kichwa hakiruhusiwi kuinuka. Sihisi kitu. Nikapeleka mkono chini, haufiki. Nikamwita Mama Eliza.

"Angalia."

"Wamefunga bandeji nyingi."

"Bandeji inafika wapi? Ina vidole mwishoni, au haina?"

Akainua shuka. Alikaa ameliinua muda mrefu mno. Baadaye aliniambia alikuwa anafuta macho kwanza ili aone vizuri.

"Vitano," akasema. "Vichafu. Hivi hukuogeshwa?"

Bima walilipa mpaka upasuaji ule, kisha wakaandika barua ndefu. Tuliuza miwati ya baba yangu. Mzee Yona alirudi uwanjani, lakini akaja kwanza nyumbani kwangu, akanieleza kwamba kuna nyumba tano zinadai kuombwa radhi na yeye haendi peke yake. Tulipofika Njombe kwa pikapu, alinipakia kwenye baiskeli yenye kiti cha nyuma, vyuma vimetokeza kama bunduki. Nyumba ya kwanza walinitukana. Ya tatu walitupa uji. Ya tano mwenye ng'ombe aliyezaa siku ile akanipeleka zizini akaniambia nimwombe radhi na ng'ombe, na nikamwomba. Kapteni Deo nilimpigia. Taya lake limepona, hatarudi kuruka kwa sasa. Alinisikiliza. Akasema, "Mzee, na mimi nilijua ni mazito. Niliyaona."

Baada ya hapo ilikuwa kungoja tu, na kungoja huko ndiko kubaya zaidi. Viazi vikachanua, vikavunwa, upepo wa mwezi wa kumi ukapita, mvua zikarudi. Kila kliniki Daktari Nuru anauliza, mimi najibu yote mpaka anasema inatosha, hiyo ya choo sikuuliza. Usaha ukawa tone. Tone la kweli. Ukakauka. Eliza akarudi nyumbani na godoro lake kichwani bila kusema kitu. Sokoni vilemba vyao viliendelea kukaa upande, nikavumilia.

Mwezi wa kumi na mbili wakatoa vyuma. Vinafunguliwa kama nati za gari, macho wazi, na ukiambiwa haiumi mwangalie anayesema kama ana tundu mguuni. Mguu ukalala kitandani peke yake, mfupi kwa vidole vitatu, mweupe, una mashimo manne. Daktari Nuru akaugonga, akaukunja, akatazama picha kwenye taa. Kisha akarudi nyuma hatua mbili.

"Haya Baba Eliza. Kanyaga."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mimi, niliyekanyaga siku tisa nikiwa nimekatazwa, nilikataa. Nikasema tungoje wiki. Nikasema labda sakafu ni ya baridi. Nikasema aanze Mama Eliza. Mama Eliza hakunishika. Alisimama mlangoni ameshika magongo yote mawili, ameyakumbatia, hanipi.

Nikateremsha mguu. Kidole gumba kikafika, kisha kisigino, kisha nikaufuata na mwili mzima, taratibu, nikisikiliza kama utasema tik. Haukusema kitu. Ila maumivu yalipanda kutoka kwenye unyayo mpaka kwenye meno, maumivu ambayo nikikueleza ukubwa wake Eliza atayakata, kwa hiyo acha.

"Inauma?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

Lile neno "kidogo tu" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Sana," nikasema. "Inauma sana, daktari."

Akaandika. "Vizuri. Haya, sasa hatua ya mguu wa kulia."